Safari hii ya Guangzhou siendi kuleta mzigo

Ukimwambia msee yeyote wa Nairobi kwamba unapanga kwenda Guangzhou, hatakuuliza utalala wapi wala utaona nini. Atakuuliza, "Unaleta nini?" Viatu? Kava za simu? Nywele? Sasa jaribu kumjibu kwamba huleti chochote, unaenda kula na kutembea siku nne kisha urudi. Atakutazama kama mtu aliyemwambia anapanda matatu hadi Gikomba kutazama jua likitua.

Mimi nimetazamwa hivyo mwezi mzima. Wakala mmoja wa safari hapa mjini aliniuliza nafanya biashara gani, nikamwambia sina, akaweka kalamu chini. Halafu kuna chama chetu. Tuko vijana wanne, tumekuwa tukiweka pesa kidogo kidogo tangu mwaka jana, na nilipotoa wazo hili mwenzangu mmoja akanirushia: "Chuo kilikushinda, sasa unataka na mtaji ukushinde?"

Ni kweli niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa kupatikana, na mimi nikachoka kuifuata. Lakini maneno yake yamenikaa kooni, ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kubishana naye usiku kucha kwenye kikundi cha WhatsApp. Nasema hivi: kwenda mji wa watu kwa ajili ya chakula chao na mambo yao si upuzi wa matajiri. Na Guangzhou, ambako Wakenya wamezoea kwenda na orodha ya bidhaa mfukoni, ndipo pazuri pa kuanzia.

Nilishafika huko mara moja, kwa hivyo sisemi ya kusikia. Nilimsindikiza shangazi yangu, anauza viatu na mikoba Nyamakima, akataka kijana wa kumbebea na kumpigia hesabu. Siku tisa. Tulilala Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wameuzoea kiasi kwamba ukiita "ndugu" barabarani, vichwa viwili vitageuka. Asubuhi sokoni, jioni kurudi chumbani na rundo la risiti na miguu iliyovimba. Tulikula wali na kuku wa kukaanga kwa mikahawa ya Waafrika na Waarabu hapo hapo mtaani, kila siku, meza ile ile. Nilirudi nyumbani nikijua bei ya kandambili kwa dazeni, lakini kama ungeniuliza wenyeji wanakula nini asubuhi, ningekudanganya tu.

Isipokuwa ile asubuhi ya mwisho.

Mama aliyekuwa akitufungia mizigo alitualika chai. Shangazi hakutaka, alisema ni kupoteza muda, lakini pia hakutaka kumkosea heshima mtu anayeshika mizigo yake. Tukaenda. Ilikuwa saa moja asubuhi na ukumbi ulikuwa umejaa kama Marikiti siku ya Jumamosi. Wazee wenye magazeti, akina nyanya na wajukuu, kelele za sahani, mvuke kila mahali. Yule mama alichukua chai ya kwanza kutoka kwenye birika akaosha nayo vikombe, bakuli na vijiti, kisha akaimwaga. Hapo nikajua hii si chai ya kunywa umesimama.

Wenyewe wanaita yum cha, maana yake ni kunywa chai, basi. Na hilo neno cha ni ndugu wa chai yetu. Lilitoka huko China, likapita kwa Waajemi, likatufikia sisi likiwa limeongezwa mkia. Chai yenyewe ni strungi kabisa, haina maziwa wala sukari, na usiombe sukari, bana, utatia watu aibu. Ukimiminiwa, hulazimiki kusema asante. Unagonga meza kwa ncha za vidole, taratibu. Hadithi wanayoisimulia ni kwamba mfalme mmoja, Qianlong, alikuwa akisafiri akijificha kama mtu wa kawaida, akammiminia mtumishi wake chai. Mtumishi hangeweza kupiga magoti mbele ya watu bila kumfichua mfalme, kwa hivyo akapigisha magoti vidole vyake mezani. Birika likiisha maji, unainua kifuniko na kukiegemeza pembeni, mhudumu anaelewa. Hakuna kuita mtu, hakuna kupiga mluzi.

Kisha vikaja vikapu vidogo vya mianzi vilivyotoka kwenye mvuke. Har gow, vifurushi vya unga mwembamba unaokaribia kupitisha mwanga, ndani kamba wa baharini. Siu mai, vyenye nyama ya nguruwe. Cheung fun, shuka laini ya unga wa mchele iliyokunjwa na kumwagiwa mchuzi wa soya. Na halafu, msomaji wangu, ikaja miguu ya kuku.

Hapo lazima nisimame kidogo. Wewe unajua miguu ya kuku kwetu ni nini. Ni ile inayouzwa jioni kando ya barabara mtaani, pamoja na vichwa, kwa mtu ambaye mfuko haujamruhusu kufika kwenye paja. Tunaila, tunaifurahia, lakini hakuna anayeipiga picha na kuiweka mtandaoni. Kule ilikuja kwenye kikapu, imekaangwa kwanza, kisha ikapikwa kwa mvuke na mchuzi wa maharagwe meusi yaliyochachushwa hadi ngozi ikawa laini kama jibini, na wazee waliovaa vizuri walikuwa wakitema mifupa kwenye sahani bila haya. Shangazi alitazama kile kikapu, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe." Akala yote. Tuliporudi Nairobi hakuwahi kutaja kiwanda chochote kwa majirani. Ametaja ile miguu ya kuku kwa kila mtu.

Hiyo asubuhi moja ndiyo naitafuta, na safari hii nataka siku nne zake.

Sasa, China yote ina msemo kwamba ukitaka kula, nenda Guangzhou. Kwa hivyo ukipanga, acha chakula ndicho kikupe ratiba, vingine vijaze nafasi. Watu wengi hukosea hapa. Wanaandika orodha ya sehemu 20, wanakimbizana na treni, wakifika jioni wamechoka na wamekula biskuti. Mji ule ni mkubwa ajabu, hutaumaliza hata kwa mwezi. Mimi nimechagua upande mmoja tu, mitaa ya zamani ya Liwan na Yuexiu, na vingine nimeviacha. Ule mnara wa mita 600 wa Canton Tower? Nitauona kwa mbali usiku ukiwaka taa, inatosha, hautozi pesa ukiwa mbali.

Liwan nitalala huko huko, nitoke asubuhi kwa miguu hadi chai. Kuna nyumba za chai za zamani kama Tao Tao Ju, iliyoanza 1880, lakini hata zile zisizo na jina, ukiona wazee wengi ndani, ingia. Baada ya hapo nitaenda jumba la ukoo wa Chen, Chen Jia Ci. Liko na kituo chake cha treni ya chini ya ardhi, hutapotea. Lilikamilika 1894, na paa lake limejaa sanamu za watu, ndege na wanyama mpaka shingo itakuuma. Lakini kilichonivuta mimi ni jinsi lilivyojengwa. Koo za Chen kutoka pande zote za Guangdong zilichanga pesa. Ilikuwa harambee, hakuna neno jingine. Walitaka vijana wao wanaokuja mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kulala na kusomea. Na unajua nini kilitokea? Mitihani yenyewe ilifutwa 1905. Miaka 11 tu. Ukoo mzima ulichanga, mafundi wakachonga mbao na mawe, kisha ngazi waliyokuwa wakiwapandishia watoto wao ikaondolewa. Leo ni makumbusho ya sanaa za mikono. Mimi niliyeacha chuo nataka nisimame kwenye ua huo nicheke kidogo peke yangu. Niruhusu hilo.

Jioni, Yongqingfang, mtaa wa zamani uliokarabatiwa ukingoni mwa barabara ya Enning. Kuna makumbusho ya opera ya Kikantoni, ile ya nyuso zilizopakwa rangi na sauti nyembamba inayopanda. Karibu na hapo kuna nyumba ya familia ya babake Bruce Lee. Ndiyo, yule yule ambaye sinema zake zilijaza vyumba vya video mitaani kabla sisi hatujazaliwa. Babake alikuwa mwigizaji wa opera hiyo. Hata mjomba wako asiyejua kitu kuhusu China, ukimtumia picha ya mlango huo atakupigia simu. Upande huo huo ndipo wanapouza uji wa mashua, uji wa mchele uliopikwa hadi punje zikapotea, wenye vipande vya samaki, njugu na vijiti vya mandazi ya kukaanga juu yake. Zamani uliuzwa kutoka kwenye mashua kwenye mifereji ya Liwan. Sisi uji tumeuachia wagonjwa, watoto na watu wa kuamka saa kumi na moja. Kumbe unaweza kuwa chakula cha jioni, cha mtu mzima, mwenye meno yote.

Yuexiu nimeipa siku nzima, na kwa hii nataka unisikilize vizuri. Mwaka 1983 wajenzi waliokuwa wakichimba kilima walikuta kaburi la mfalme wa Nanyue, aliyezikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita akiwa amevikwa vazi la vipande vya jedi vilivyoshonwa kwa nyuzi za hariri. Leo ni makumbusho. Ndani ya kaburi walikuta pembe tano za ndovu, na wataalamu waliozichunguza wakasema ni za ndovu wa Afrika. Soma tena. Kabla ya Nyamakima, kabla ya kontena, mali ya bara letu ilikuwa imeshafika mji ule. Na hapo mahali si mbali na Xiaobei! Shangazi ameenda Guangzhou zaidi ya mara kumi. Hajawahi kuingia. Simlaumu, hakuna aliyemwambia, na mimi pia nilipita hapo na mikoba kichwani.

Kutoka hapo nitashuka hadi msikiti wa Huaisheng. Msomaji wa Lamu au Mombasa, huu ni wako. Ni kati ya misikiti ya zamani zaidi China, na wenyeji husimulia kwamba uliasisiwa na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Mnara wake mweupe, mwembamba kama mshumaa, inasemekana uliwahi kuwaongoza mabaharia waliokuwa wakipanda mto. Kama huli nguruwe, jifunze pia kutambua maandishi mawili, 清真, mara nyingi kwenye bango la kijani. Maana yake ni halali, na hapo utapata tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ya ng'ombe au kondoo.

Kisha barabara ya Beijing. Katikati yake wameweka kioo, na chini ya kioo unaona matabaka ya barabara za kale, moja juu ya nyingine, karne kwa karne. Lakini mimi naenda kwa sababu ya matumbo. Wanayachemsha na mapafu, utumbo na figili ndani ya sufuria kubwa ya mchuzi wenye viungo, wanakukatia kwa mkasi, unakula umesimama na kijiti. Wewe uliyelelewa na mutura huhitaji mkalimani hapo. Tumbo likikataa, kuna vibanda vya chai ya mitishamba. Moja inaitwa ya ladha 24. Sisi tuna mti wa kutibu magonjwa 40, wao wana chai ya ladha 24, na zote, nakuapia, ni ladha moja: chungu.

Siku ya nne nitarudi kunywa chai. Basi. Saa nyingine ni za uwanja wa ndege.

Kuna jambo siwezi kuliruka, maanake ukienda bila kulijua utanilaumu. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wa Guangzhou walifukuzwa nyumba walizokuwa wamepanga na hotelini, wengine wakalala nje, wengine wakafungiwa karantini hata kama hawakuwa wamesafiri popote. Picha tuliziona sote. Mabalozi wa Afrika walilalamika rasmi, Kenya pia ikasema. Sitakudanganya kwamba kula pamoja kunafuta hayo. Nilipokuwa huko mtu mmoja kwenye treni alishika rasta za shangazi bila kuuliza, na mwingine akasogea kiti nilipoketi. Shangazi alisema, "Nimezoea," na hilo neno liliniuma kuliko lile la kusogea.

Lakini nimefikiria sana, na hiki ndicho ninachoamini. Tukienda tu kama wanunuzi, tunajulikana tu kama wanunuzi. Unaingia, unahesabu pesa, unatoka. Siku soko likifungwa, hakuna aliyekuwa akikujua. Yule mama wa mizigo alikuwa akimjua shangazi kwa miaka, ila kwa kilo zake. Ile asubuhi ndipo walipoulizana kuhusu watoto. Sasa wanatumiana salamu za sikukuu. Ni kitu kidogo, sawa. Lakini ni kitu ambacho huwezi kukipakia kwenye kontena.

Na wakati huo huo, jilinde. Kabla ya kulipia hoteli, waandikie uthibitishe wanapokea pasipoti ya kigeni. Ukilala kwa rafiki, ni sheria ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia wenyewe. Tembea na pasipoti yako.

Mambo mengine nitayasema haraka haraka. Wakenya tunahitaji viza, na usinunue tiketi isiyorudishwa pesa kabla hujaipata. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usiende wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, Canton Fair, yanayofanyika kila mwaka Aprili hadi mapema Mei na Oktoba hadi mapema Novemba, kwa sababu vyumba hupanda bei vibaya. Kiangazi kuna joto la kukuoga na mvua nyingi. Mimi nalenga mwisho wa Novemba au Desemba. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, kwa hivyo usifike Jumapili usiku ukiwa na mipango mikubwa. WhatsApp, Google na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kule, ingawa laini ya nyumbani iliyowekwa rominga kwa kawaida hupita; pakua tafsiri na ramani mapema. Mji wenyewe unalipa kwa simu, kama sisi, lakini si M-Pesa. Weka Alipay ukiwa bado Nairobi, ithibitishe kwa pasipoti, uiunganishe na kadi ya benki, na ubebe noti chache za dharura. Nauli ya treni za chini ya ardhi inaanzia yuan 2, pesa ya peremende.

Kinachouma ni tiketi ya ndege. Hapo sina ujanja, na ndipo mwenzangu wa chama ana hoja. Anasema tukishalipa nauli hiyo, heri turudi na mikoba miwili ya mali ili safari ijilipe. Inasikika vizuri. Nimeiona ikitendeka. Ukishaweka "kanunue kidogo tu" kwenye ratiba, siku ya kwanza ni kutafuta bei, ya pili ni kubishana bei, ya tatu ni kufunga mzigo, ya nne ni kugombana kuhusu kilo pale uwanjani. Chai utakunywa lini? Kama ni biashara, nenda ya biashara, siku tisa, na shangazi atakuonyesha milango.

Na kama una deni la kodi ya nyumba, usiende. Kama unapanga kukopa kwenye hizi programu za mikopo ya simu ili ukale kamba kwa mvuke, tafadhali usinitaje jina wakianza kuwapigia ndugu zako. Nimekaa miezi 14 nikiweka pesa za kazi ndogo ndogo za kuandika, na bado sijafika. Hii ni hela yangu ya jasho, na ndiyo maana naona nina haki ya kuila. Mtu akitumia kiasi hicho hicho kwa sherehe za wikendi mwaka mzima hakuna anayemwita mkutano.

Jumapili tunakutana, sote wanne. Mmoja yuko upande wangu, mmoja hajasema, na yule wa mtaji ameapa atakuja na kikokotoo. Mimi nimeshazungumza na mama wa kibandaski tunapokutania. Nimemwomba atupikie miguu ya kuku, nyingi, na strungi isiyo na sukari. Amekubali miguu. Strungi bila sukari ameniuliza kama mimi ni mgonjwa.